Bajaji ya Wasiopenda Kanisa

Kanisa lile lilipofika mtaani kwetu Mfaranyaki halikuja na kengele, lilikuja na bajaji. Juu ya bajaji kulikuwa na spika za kijivu zilizofungwa kwa mipira ya baiskeli, na ndani ya spika sauti ya mwanamume anayeongea kama muuza sumu ya panya:

"Hupendi kanisa? Hata sisi! Umechoka kusimama, kukaa, kupiga magoti? Hata sisi! Jumapili njoo na kandambili zako. Hakuna kuitwa mbele. Hakuna kuulizwa ulikuwa wapi. Ukisinzia, tutakufunika kitenge!"

Niliipenda siku hiyohiyo. Shuleni mimi nina kipaji kimoja tu, kuigiza sauti za watu. Namwigiza mwalimu wa nidhamu anavyotafuta fimbo aliyoikalia. Namwigiza mkuu wa shule anavyosema "kwa kumalizia" halafu anaanza upya. Fizikia tumeachana kwa amani tangu kidato cha pili, lakini nikisimama mbele ya darasa kabla mwalimu hajaingia, hata wale wanaokaa mbele na kuchonga penseli huku hawazitumii wanacheka. Kwa hiyo bajaji ilikuwa zawadi. Kesho yake asubuhi nilisimama mstarini nyuma ya wenzangu nikasema kwa sauti ileile, "Hupendi hesabu? Hata sisi! Njoo na kandambili zako!" Nilifagia uwanja wa shule mzima kwa ajili ya maneno hayo, na sikujuta.

Kanisa lenyewe lilipanga ukumbi uliokuwa baa. Ukutani kulikuwa na chupa kubwa ya kuchora, hawakuifuta. Mchungaji alikuwa kijana kutoka mikoa ya huko juu, aliyekuja na raba nyeupe ambazo udongo wetu ulizimaliza kabla hajazoea njia. Alisema mtu asiyependa kanisa haogopi mlango wa baa, basi mlango ubaki hivyohivyo. Jumapili ya kwanza wazee fulani waliingia wakakaa, wakaagiza. Wakaletewa kahawa. Mmoja wao alibaki mpaka mwisho, na alipoulizwa mtaani ilikuwaje akasema, "Kahawa nzuri. Maneno mafupi. Sijui ni dini gani."

Nyumbani kwetu mtu asiyependa kanisa alikuwa baba.

Hakuwa hivyo zamani. Baba ananunua mahindi vijijini na kuyaleta mjini, kazi ya kushinda juu ya magunia, na ana sauti nzito inayotoka mbali kama imelala kwanza. Mtaani kwetu alijulikana kwa sauti hiyo, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo makaburini. Wimbo wa makaburini hauanzi wenyewe. Watu wamesimama, udongo umeanza kushuka, kila mtu anatazama viatu vyake, lazima awepo mmoja wa kuanzisha na wengine wadakie. Baba alikuwa anakohoa kidogo, anapiga mguu wa kushoto chini mara moja, kisha anaanza. Nilikuwa namwigiza hata yeye, nimejifunika sufuria kichwani ili sauti iwe nzito, na alikuwa anacheka mpaka anajifuta macho.

Na kuna jambo moja ambalo hata mtoto mdogo huku analijua. Mfiwa haanzishi wimbo. Mfiwa analia, wimbo anaanzishiwa.

Kisha tukafiwa sisi. Nilikuwa darasa la tano. Mdogo wangu alikuwa mchanga, bado hajabatizwa. Msimu wa mahindi uliotangulia baba alikuwa njiani muda wote, mama alikuwa na mimba yake, tena mgonjwa, kwa hiyo wote wawili walikosa kwenye jumuiya, zile sala za nyumba kwa nyumba za kanisa letu, na viongozi wa jumuiya walisema warudi kusali kwanza ndipo habari za ubatizo zizungumzwe. Homa haikusubiri. Mtoto akafa. Jumuiya ikasema asiyesali na jumuiya, jumuiya haisali naye. Hawakuja.

Walikuja majirani. Jirani yetu wa karibu kabisa ni mzee wa Tunduru, Mwislamu, mfanyabiashara wa korosho. Yeye na wanawe ndio waliotangulia kuchimba. Walikuja pia wapangaji wa ile nyumba ya mbele, mwalimu na bwana kilimo, watu wa mikoa mingine na makanisa mengine. Ninachokumbuka mimi ni baba amepanda nyuma ya bodaboda, jeneza dogo liko mapajani, amelishika kwa mikono yote miwili, na dereva anaendesha taratibu kama amebeba mayai. Wanaume wakafuata kwa miguu. Sisi watoto tulibaki. Wanawake walimweka mama ndani.

Waliporudi, baba akiwa ananawa mikono nje, mama alitoka akamuuliza, "Mliimba upi?"

Baba akasema, "Ule unaoupenda."

Mama akaitikia kwa kichwa, akarudi ndani.

Baada ya hapo baba hakukanyaga kanisani, na misiba ya watu alikuwa anakwenda, anachimba, anarudi, bila kufungua mdomo. Mama alirudi kanisani baada ya muda. Alisema Mungu hakuwepo kwenye kile kikao cha jumuiya. Mimi nafuatana naye Jumapili, tunakaa viti vya nyuma. Na kila alfajiri, akikanda unga wa maandazi anayouza hapo nje, mama anauimba ule wimbo kwa pua, bila maneno. Nimeusikia nikiwa bado kitandani siku nyingi kiasi kwamba nikinusa hamira nausikia.

Basi, vijana wa kanisa la baa walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na chupa ya kahawa. Hawakuuliza kama umeokoka. Walikuwa wanauliza, "Samahani, kwa nini hupendi kanisa?" halafu wanakumiminia kahawa na kunyamaza. Kwetu alikuja mchungaji mwenyewe. Mimi nilikuwa dukani ng'ambo, nimetumwa chumvi, nikawaona wamekaa kwenye benchi la maandazi. Baba anaongea. Baba! Anatazama chini, anaongea, kikombe kimepoa mkononi. Nilikaa dukani makusudi hadi muuza duka akaniuliza kama nataka kulala pale.

Sikujua alichosema. Nilichojua ni kwamba Jumapili iliyofuata baba alivaa kandambili akaenda. Na iliyofuata tena. Anakaa karibu na mlango, anarudi, hasimulii. Lakini jioni moja nilipoigiza bajaji alicheka, kile kicheko cha zamani, na mama aliacha kuchambua maharage akamtazama. Nikasema moyoni, haya, hata kama ni baa.

Habari za uigizaji wangu zilifika kanisani kabla yangu. Jumamosi moja mchungaji alinisimamisha njiani. Nikamwamkia, nikajiandaa kukimbia.

"Marahaba. Wewe ndiye unayetuiga?"

"Inategemea, mchungaji. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea. Wewe ni mzuri kuliko mwenye sauti. Tunataka tangazo jipya, sauti ya binti. Unaweza kuja sasa hivi? Soda ipo."

Hakujua mimi ni mtoto wa nani. Baba alikuwa anakwenda pale peke yake.

Ukumbi ulikuwa mtupu, viti vya plastiki vimepangana ukutani chini ya ile chupa. Alishika simu mbele ya mdomo wangu, yeye anataja sentensi, mimi nairudia. Ile ya kandambili niliifanya mara moja tu akapiga makofi. Ile ya kitenge nikaongeza mkoromo, akacheka hadi simu ikayumba.

"Sasa hii ni tofauti," akasema. "Taratibu. Kwa uchungu. Sema hivi: Ulimbeba mwanao mapajani kwenye pikipiki, ukampeleka makaburini, na hakuna hata mmoja aliyekuanzishia wimbo?"

Niliitazama ile simu mbele ya mdomo wangu.

"Halafu unaendelea: Wenye dini yako hawakutokea, Waislamu ndio waliokuchimbia kaburi? Hapo sauti inapanda, furaha: Njoo kwetu! Kwetu kila mtu ana wimbo wake!"

Ninavyojijua, mimi jambo likinizidi nacheka. Nilicheka. Yeye akatabasamu kidogo, akidhani nimependa.

"Haya maneno ni ya nani, mchungaji?"

"Ya watu. Tunasikiliza watu, kisha tunasema kile kinachowauma. Ndiyo maana wanakuja. Mtu akisikia uchungu wake barabarani anajua hayuko peke yake."

"Ya mtu gani?"

"Hatujataja jina."

"Na bajaji itapita wapi?"

"Kote. Jumatatu asubuhi tunaanza na mitaa ya huku, halafu sokoni, halafu Ruhuwiko."

Jumatatu asubuhi mama yuko nje na karai la maandazi. Jina lisingehitajika. Mtaa mzima ni mtoto mmoja tu aliyepelekwa makaburini vile. Mama angegeuza andazi, bajaji ingepita, na muuza sumu ya panya, yaani mimi, angemwambia kwamba ule wimbo haukuimbwa.

Nilisema koo limekauka, nakuja. Soda niliiacha mezani. Wanaonijua wataelewa hali ilikuwa mbaya kiasi gani.

Nilimkuta baba anapiga pasi. Pasi ya mkaa, shati lake la bluu limetandazwa juu ya meza kwenye blanketi. Shati lile hakuwa amelivaa tangu enzi za kwaya. Alikuwa analiandaa kwa ajili ya Jumapili. Mama alikuwa amekwenda mashineni kusaga.

"Baba."

"Mm."

"Kuna kitu nataka kusema."

"Sema. Kama ni barua ya shule, iweke pale."

Nilijaribu. Sauti yangu ya kawaida haikutoka. Nadhani siitumii mara nyingi. Mwishowe nilisimama katikati ya chumba nikasema kwa sauti ya bajaji, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwepo. Nilianza na "Hupendi kanisa?" naye akaanza kutabasamu huku anasukuma pasi. Nilipofika kwenye pikipiki, pasi ilisimama. Nilipofika kwenye wimbo, shati lilikuwa linanuka.

Aliinyanyua pasi. Pale mgongoni palikuwa na alama ya kahawia, umbo la pasi kamili.

Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama yako yuko wapi?"

"Mashineni."

"Umesharekodi?"

"Hayo, bado."

Akakaa kwenye gunia. Mimi nikabaki nimesimama, sijui mikono niiweke wapi.

"Kwa hiyo kweli hakuna aliyeimba?" nikauliza.

"Hakuna."

"Kwa sababu jumuiya hawakuja."

"Jumuiya hawakuja, hilo ni kweli, na Mungu atawauliza. Lakini makaburini watu walikuwepo. Tulimshusha. Tukamaliza kumshusha, kila mtu akanitazama mimi, maana mimi ndiye nilikuwa naanzisha. Kisha wakakumbuka mimi ni mfiwa, wakatazama chini. Mwalimu anajua nyimbo za kwao. Aliniambia baadaye, aliogopa akianzisha ya kwao ataonekana anateka msiba wa watu. Bwana kilimo akamsubiri mwalimu. Mzee wa Tunduru akasubiri Wakristo waimbe ili yeye na wanawe wasimame kimya kwa heshima. Wote watu wazuri, mwanangu. Kila mtu alikuwa anampisha mwenzake. Na mimi nikasubiri. Kaburi likajaa."

Nje kuku wa jirani walikuwa wanagombania kitu. Sikuwa na mzaha wowote. Nilitafuta, sikuupata.

"Wimbo ulikuwa hapa," akasema, akajigusa koo. "Sikumwambia mchungaji hilo. Nilimwambia ile nusu inayosemeka."

Mama aliingia na ndoo ya unga kichwani. Akanusa. "Nani anaunguza nguo?" Halafu akatutazama, mmoja baada ya mwingine, akashusha ndoo mwenyewe kabla sijamfikia.

Baba alisimama. "Mama," akamwita, anavyomwita siku zote, "njoo ndani kidogo."

Nilikaa kwenye benchi la nje. Sikusikia kilio, na kwa kweli nilikuwa nakisubiri, ningejua la kufanya. Nilisikia sauti ya baba ikienda taratibu kama mtu anayevuka mto asioujua, kisha kiti kikiburutwa sakafuni. Mama alipotoka alipitiliza hadi kwenye ndoo, akaifunua, akatia mkono kwenye unga, akauangalia unga ukimwagika kati ya vidole.

"Kwa hiyo siku zote hizi nilikuwa naimba peke yangu," akasema.

Baba alikuwa mlangoni.

"Kawaambie watu wa bajaji," mama akasema, bila kugeuka. "Na kesho twende wote makaburini."

Tulikwenda kanisani mimi na baba. Mchungaji alikuwa anapanga viti. Alipomwona baba akafurahi, alipotuona pamoja furaha ikapungua, akatazama uso wa baba, akatazama wangu, nikaona ameelewa.

"Mzee. Huyu ni binti yako."

"Ni wangu."

"Hatukutaja jina, mzee wangu. Nilidhani ukinipa, umenipa. Nilidhani yatamfikia mtu mwingine mwenye uchungu kama wako."

"Nilikupa wewe," baba akasema. "Spika sikuipa."

Mchungaji akakaa kwenye kiti cha juu ya rundo, kikayumba. Bila zile spika alikuwa mdogo sana, pengine kaka wa mtu. Alitoa simu akafuta yote mbele yetu, hata mkoromo wangu, ambao niliusikitikia kidogo.

"Nisamehe, mzee. Huko nilikofundishwa tuliambiwa, anzeni na jeraha la mtu. Hawakutuambia tukishaanza tuishie wapi."

"Sina hasira na wewe. Ulikuja ukaniuliza. Hakuna mwingine aliyeniuliza." Baba alishika mlango ule wa baa. "Lakini kesho siji. Kesho tunakwenda makaburini, mimi na mama yao."

"Naruhusiwa kuja?"

Baba alifikiri. "Njoo. Bajaji iache."

Jumapili tulikwenda kwa miguu. Baba amevaa shati la bluu lenye pasi mgongoni, alikataa kulibadilisha. Mama amejifunga kitenge kipya. Mzee wa Tunduru alitukuta njiani na kofia yake, mwalimu na bwana kilimo wakaja kama baba alivyowaomba, na mchungaji amevaa raba zake nyekundu zilizokuwa nyeupe. Makaburi yako kwenye mteremko, nyasi zimefika magotini, ila pale kwa mdogo wangu pamefyekwa, mama anafika mara kwa mara kupalilia. Kaburi ni fupi kuliko ninavyolikumbuka. Au mimi nimerefuka.

Tukalizunguka. Tukasimama.

Mchungaji akamwinamia mzee wa Tunduru. "Mzee, karibu."

"Hapana, baba mchungaji. Sisi tunawasubiri ninyi."

"Mimi mgeni jamani. Mwalimu, tafadhali."

"Aa, mimi naitikia tu. Wenyewe waanze."

"Bwana kilimo?"

"Baada ya mwalimu."

Upepo ukapita kwenye nyasi. Mwalimu akatazama viatu. Bwana kilimo akatazama viatu vya mwalimu. Baba alikuwa anatazama kaburi, na kooni kwake palikuwa panapanda na kushuka, panapanda na kushuka, na hakutoa kitu, kwa sababu mfiwa haanzishi. Niliona jambo lilelile likitokea upya mbele ya macho yangu, kwa adabu ileile, na watu wazuri walewale. Mama alikuwa ameshika bonge la udongo, anasubiri.

Na mimi ni mfiwa. Najua. Lakini mimi sijawahi kusifiwa kwa adabu.

Nikakohoa kidogo. Nikapiga mguu wa kushoto chini, mara moja. Nikamsikia mama akishtuka, karibu acheke, maana aliijua ile. Nikaanza, kwa sauti ya baba, sauti nzito inayotoka mbali, ambayo kwenye kifua cha msichana wa kidato cha tatu haina pa kukaa. Ilinikwama kwenye mstari wa kwanza. Ilipasuka kwenye wa pili, ikabaki ya kwangu, nyembamba, imekosea ufunguo.

Mwalimu akadaka. Bwana kilimo akadaka. Mchungaji hakujua maneno, akafuata kwa mdomo uliofungwa. Mzee wa Tunduru alifungua viganja mbele ya kifua na midomo yake ikawa inakwenda kwa maneno yake mwenyewe.

Baba alichelewa. Aliingia ubeti wa pili, chini kabisa, na wimbo wote ukakaa juu ya sauti yake kama gunia linavyokaa likipata bega.

Mama peke yake hakuimba. Alisimama na udongo wake mkononi, ameinamisha kichwa upande, anasikiliza.